Jeki kuukuu ya pikipiki kutoka Gerezani, Dar es Salaam: uzoefu wangu

Kwa gereji ndogo ya bodaboda, stendi ya kati ya pikipiki inatosha kwa kazi nyingi. Kasheshe ni siku ya kushusha shoki za mbele, au stendi yenyewe ikitaka kuchomelewa. Ndiyo maana nilichukua jeki hii ya mafuta, nyekundu iliyopauka, kwa muuza vyuma chakavu wa Gerezani, Dar es Salaam. Ilikosa pedeli ya kukanyagia, gurudumu moja, chuma cha kufungia jeki isishuke ikiwa juu, na mipira inayokaa juu ya mikono ya kubebea pikipiki. Muuzaji aliapa kuwa ni ya Mjapani.

Mjapani gani? Tulipoisugua kwa dizeli yakatokea maandishi "1500 LBS", yaani pauni 1500, kama kilo 680. Mjapani kwa kawaida angeandika kilo. Kwenye tundu la pedeli, bolti ya milimita 12 ilicheza, ya 13 ikagoma. Venia, kile kipimo cha kubania, ikasoma 12.7, nusu inchi kamili. Inaelekea ni ya soko la Marekani hiyo. Kibati cha jina kilishang'oka zamani. Yako ikiwa bado nacho na kimeandikwa Craftsman, angalia tarakimu zilizo kabla ya nukta kwenye namba ya modeli: Sears, kampuni ya maduka ya Marekani iliyokuwa na chapa hiyo, walikuwa wakiundiwa vifaa na viwanda vingine, na tarakimu hizo ndizo zinazoonyesha kiwanda.

Mimi vipimo vilinitosha, ila inchi nazo zina vituko. Bolti ya nusu inchi ya mtindo wa zamani wa Uingereza ina meno 12 kwa inchi, ya Kimarekani yenye meno makubwa ina 13. Ukizitazama ni pacha, lakini nati inakwama baada ya mizunguko michache, na ukilazimisha unaua meno. Nenda na nati yako mkononi.

Pedeli alichomelea fundi kwa bomba nene. Mipira ilitoka kwa washona makatambuga, tairi safi kabisa. Gurudumu nilitafuta linalozunguka na lenye breki.

Sili ya pistoni ilikuwa inavuja. Duka la sili watakuuliza kipenyo cha ndani, cha nje na kimo, basi. Jina la jeki hawalitaki. Mafuta ni ya haidroliki, namba 32. Mtu asikudanganye uweke mafuta ya breki, yanavimbisha mpira wa sili. Baada ya kujaza, fungua valvu ya kushushia, pampu mara kadhaa hewa itoke, kisha uifunge.

Chuma cha kufungia ndicho nilichokilipia zaidi, na sijutii. Bila chuma hicho, jeki ya namna hii inashikiliwa na mafuta tu; sili ikilegea, pikipiki inashuka na kidole chako kikiwa chini. Mengine unaweza kuyasubiri, hiki hapana.

Sasa inapandisha Boxer bila kutoa jasho. Pikipiki ambayo ekzosi inapita chini ya injini naiwekea ubao, mzigo ubebwe na fremu. Jumla ya gharama haikufika nusu ya bei niliyotajiwa kwa mpya.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya uzito: kuipandisha kwenye bajaji kunataka watu wawili, na dereva anadai nauli ya mzigo.