Kipimo cha aleji cha kuchoma ngozi: kliniki mbili, majibu mawili

Nimepimwa aleji ya pua mara mbili kwa kuchomwa ngozi. Kliniki ya kwanza naipa nyota mbili kati ya tano, ya pili nne. Vifaa ni vilevile; kilichonifanya nizitofautishe ni yaliyomo ndani ya vichupa.

Kwanza niwaonye: vidonge vya aleji vinaharibu kipimo. Mimi nilifika nimemeza setirizini usiku uliotangulia, kwa kuwa hakuna aliyeniambia, nikarudishwa nyumbani nikae wiki nzima bila dawa. Wiki hiyo sitaisahau. Chafya kumi mfululizo kila alfajiri, kaakaa linawasha hadi nikatamani kulikuna kwa kijiko.

Kipimo chenyewe hakiumi. Muuguzi anachora alama mkononi kwa kalamu, anadondosha matone ya vitu vinavyoshukiwa kuleta aleji, kutoka kwenye vichupa, kisha anachoma kila tone kidogo tu, hata damu haitoki. Kati ya matone hayo mna histamini, kemikali ambayo mwili huitoa wakati wa aleji na ambayo lazima ivimbe, na maji ya chumvi, ambayo hayapaswi kuvimba. Unangoja kama dakika 15 hadi 20, na marufuku kujikuna.

Mara ya kwanza ilivimba histamini peke yake. Daktari akasema, "Huna aleji, hayo ni mafua tu." Mafua ya miaka mitatu? Nikaomba orodha ya vichupa. Chavua ya betula, mti unaowatesa watu wa Ulaya ya Kaskazini. Ambrosia, gugu linalosumbua sana Amerika ya Kaskazini. Nyasi za nchi za baridi, paka, mbwa, na utitiri wa vumbi wa jamii ya Dermatophagoides. Basi. Kwa mtu anayeishi penye joto na unyevu mwaka mzima, huko ni kutafuta mwizi kwenye kijiji kingine. Japani wao wana adha ya chavua ya sugi, miti iliyopandwa kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kila pande na kero yake.

Kliniki ya pili, daktari alinihoji karibu nusu saa kabla ya kugusa sindano. Unapiga chafya saa ngapi? Ukisafiri unapata nafuu? Godoro lina umri gani? (Niliona haya kujibu hilo la godoro.) Kisha akaongeza vichupa vya mende, ukungu na Blomia tropicalis, utitiri wa nchi za joto, ambao kichupa cha Dermatophagoides hakitoshi kuufichua. Blomia ilivimba milimita 7, mende 4. Kwa kawaida kivimbe huhesabiwa kikizidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi. Alinieleza pia kwamba kuvimba peke yake hakutoshi, lazima kulingane na dalili, na kwamba asiyeweza kuacha dawa hupimwa IgE, kingamwili ya aleji, kwenye damu. Wengine ngozi hukaa kimya ilhali pua ina aleji yake yenyewe. Hao hupimwa kwa kuwekewa kitu kinacholeta aleji puani. Huduma hiyo pale hawana.

Nyota niliyowanyima ni ya karatasi ya majibu: waliandika alama za kujumlisha tu, milimita nikazidai mwenyewe dirishani.