Uzoefu wangu: Rungwe kwa miguu, na mwenyeji mbele

Kama roho yako inataka kijani, nenda Rungwe. Na ukishafika Tukuyu, achana na habari ya kukodi gari likuzungushe. Tafuta mwongoza wageni wa hapohapo, mtembee kwa miguu. Nimejaribu njia zote mbili, na kwangu mimi ile ya gari haifai hata kulinganishwa.

Kutoka Mbeya mjini ni mwendo wa kilomita kama 70 kwa barabara iendayo Kasumulu, mpakani na Malawi. Kosta zinajaa haraka pale stendi ya Nane Nane. Dirishani utaona viazi, kisha chai, kisha migomba isiyokwisha, na Mlima Rungwe umejifunika mawingu. Ni pazuri mno, lakini ukiishia hapo utarudi kwenu ukidhani umepita msituni. Ukishuka na kuingia vijijini ndipo unaona kwamba karibu kila jani lina mwenyewe. Migomba hii ni ya mama wa nyumba ile. Chini yake kuna kahawa, pembeni maharage, mparachichi umesimama uani, na ng'ombe amefungwa nyuma ya nyumba ili samadi irudi kwenye migomba. Udongo ni wa volkano, na sehemu nyingi za wilaya hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini kijani kile ni kazi ya mikono pia, na hilo hakuna kioo cha gari kitakachokuonyesha.

Njia za miguu zinapita katikati ya nyumba za watu. Kijana aliyetuongoza hakukatiza ua wa mtu hata mara moja bila kupiga hodi. Anasalimia kwa Kinyakyusa, anauliza habari za watoto na mifugo, ndipo anasema, "Nina wageni wangu, wametoka Dar." Hatukuharakishwa. Upande wa Masoko, bibi mmoja aliyekuwa anamenya ndizi alitukaribisha tukae kabla hata hatujamaliza shikamoo. Alikuwa amejipaka mafuta viganjani utomvu usimnate, na kisu chake kilikuwa kimechongoka kwa kunolewa miaka mingi. Ndizi akazipanga kwenye sufuria na maharage, akafunika kwa jani la mgomba, akalikandamiza pembeni kwa vidole mpaka mvuke ukakosa pa kutokea. Hiyo ndiyo mbalaga. Tulikula na maziwa mgando, na tulipotaka kumpa chochote akakataa, akasema mgeni halipii chakula. Mwongoza wageni ndiye aliyetushauri tumnunulie sukari na sabuni dukani tukampelekee, na hapo akapokea kwa furaha. Ushauri huo peke yake ulitosha kunionyesha kwa nini unahitaji mtu wa pale.

Ziwa la Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, lipo jirani. Ni ziwa la kasoko, yaani maji yaliyojaa shimo la volkano, nayo yametulia kabisa, na pembeni kuna jengo la zamani la Wajerumani ambalo baadaye lilitumika kama mahakama. Wazee wanasimulia kuwa Wajerumani walipokuwa wanakimbia Vita ya Kwanza ya Dunia walitupa hela zao majini.

Ziwa Ngozi ndilo linalosemwa sana, na ndilo lililotutoa jasho. Unaingilia upande wa Isongole, unapanda ndani ya msitu wa hifadhi, na kipande cha mwisho kinasimama wima kiasi kwamba unashika mizizi ili usirudi chini. Vaa viatu vyenye meno. Mvua ikinyesha tope linateleza vibaya, na mvua kule haiombi ruhusa. Juu kabisa, kwenye ukingo wa kasoko, msitu unafunguka na unaliona ziwa mbali chini, kijani kizito kilichozungukwa na kuta za miti pande zote. Nilikaa pale muda mrefu kuliko wenzangu walivyopenda. Kipunji hatukumwona, yule kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005 na ambaye misitu ya Rungwe ni kwao, lakini kijana wetu alitueleza habari zake njia nzima.

Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira halichoshi, unafika kirahisi: upinde wa mwamba wa volkano na mto unapita chini yake. Wenye watoto au wazazi waanzie hapo.

Sasa lalamiko langu. Kwenye ofisi ya waongoza wageni tuliambiwa bei ina kila kitu ndani. Tulipofika msituni tukaambiwa kiingilio cha hifadhi ni juu yetu. Kijana wetu aliona aibu kwa kosa lisilo lake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kabla hujatoa hela, omba uandikiwe kwenye risiti kilichomo na kisichomo, na uulize katika hela hiyo mwongozaji mwenyewe anapata ngapi. Sisi tulimpa chake mkononi. Kwa sababu hiyo natoa nyota nne kati ya tano. Kwa kijana mwenyewe ningetoa zote.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, njia zikiwa zimekauka, ila Juni na Julai baridi ya Tukuyu inataka sweta na blanketi la pili. Ukiwa na nafasi, teremka hadi Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Hapo joto linakurudia, Milima ya Livingstone inashuka mpaka ufukweni, na mezani kuna usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, na wali wa mchele wa Kyela. Beba chandarua. Jumamosi ni siku ya soko pale Lyulilo, ambako akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, hivyo panga safari yako Jumamosi ikukute Matema. Na vyungu vifungwe vizuri kwa majani makavu ya migomba. Cha kwangu kimefika Dar kizima, na kila siku kinapikiwa maharage.