Monita ya mtumba Dell P2214H: achana na waya wa VGA

Wadau, habari zenu. Hii hapa mezani ni Dell P2214H. Inchi 21.5, kioo cha IPS (aina isiyopoteza rangi ukikitazama kwa pembeni), pikseli, yaani vidoti vya picha, 1920 kwa 1080. Ni monita ya ofisini, na nyingi zinazouzwa sasa zimeshatumika. Stendi yake inapanda, inashuka, unaweza hata kukisimamisha kioo wima. Rangi nimezipenda, na ukikitazama kwa pembeni hakififii. Kwa kazi za kuandika na kusoma sina neno nayo.

Ila igeuze nyuma. Matundu ya kuingizia picha ni haya. Kuna la VGA, la buluu. Kuna DVI, jeupe. Kuna DisplayPort. HDMI hakuna! Sasa wewe laptopu yako ina HDMI tu, muuzaji anakwambia usijali mkubwa, chukua hii adapta ya HDMI kwenda VGA. Unafika nyumbani, unachomeka, picha inatokea, unashukuru Mungu. Hapo ndipo monita nzuri inapoharibiwa, na mwenye mali hata hajui.

VGA ilikuja na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987, enzi za monita za chogo. Zile zilichora picha kwa mwale wa elektroni, volti ikipanda mwale unapata nguvu, ikishuka unafifia. Analojia, yaani picha kupelekwa kwa volti inayopanda na kushuka, ilizifaa kabisa. Kioo bapa kama hiki hakina mwale, kina pikseli, na kila pikseli inasubiri namba yake. Ukitumia VGA, namba zinazotoka kwenye kompyuta zinageuzwa kuwa volti kati ya 0 na 0.7 kwa kila rangi, zinasafiri, halafu monita inazigeuza namba upya. Kuna faida gani? Hakuna.

Tena waya wa VGA haubebi alama ya kuonyesha pikseli hii inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Una alama ya kuanza mstari na ya kuanza picha, basi. Kwa ukubwa huu wa picha, mara 60 kwa sekunde, zinapita pikseli milioni 148.5 kila sekunde ukihesabu na zile za pembeni zisizoonekana. Monita inakisia mwenyewe wakati wa kupima kila moja. Ikikosea kidogo tu, inapima katikati ya pikseli mbili.

Tazameni. Nimefungua picha ya mistari myeusi na myeupe, kila mstari upana wa pikseli moja, umesimama wima. Huu ni VGA. Mnaona sehemu zimekuwa kijivu na zinachezacheza? Sogea karibu na haya maandishi madogo, herufi zina kivuli. Sasa nahamia DVI, kompyuta ileile, monita ileile. Mistari imetulia, herufi zimekatika vizuri. Sijagusa kitu kingine chochote.

Hii DVI imekuwepo tangu 1999, na watu wanaidharau kwa sababu tundu lake ni kubwa na la kizamani. Kumbe HDMI imejengwa juu yake, namna ya kutuma picha ni moja. Kwa hiyo waya wa HDMI kwenda DVI hauna umeme wa pembeni wala kifaa cha kugeuza ndani, ni nyaya zimeunganishwa tu. Waulize wauza vifaa, upo, na haudai ufundi. Kasoro yake ni sauti, haitatoka kwenye monita. Lakini monita hii haina spika, kwa hiyo spika zako chomeka kwenye laptopu.

Mtego mwingine uko kwenye DisplayPort. Ule waya wa DisplayPort kwenda HDMI unaouzwa kila mahali unapeleka picha upande mmoja, kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda kioo chenye HDMI. Ukiugeuza, kioo kinabaki cheusi, na wewe utadhani monita mbovu urudi dukani kugombana na mtu wa watu. Na ukipewa waya wa DVI wenye vipini vinne kuzunguka kile kipini bapa, usilazimishe. Tundu la DVI la monita hii ni la dijitali tupu, linapokea namba tu, vile vinne havina pa kuingia.

Wenye kompyuta za zamani zenye VGA peke yake, msiitupe monita. Fungua picha angavu inayojaa kioo chote, ingia kwenye menyu ya monita, bonyeza Auto Adjust. Usifanye hivyo kwenye picha nyeusi, monita haitaona kingo. Ikibaki na ukungu, nenda Phase usogeze polepole huku unatazama herufi ndogo mpaka zitulie. Pixel Clock iguse pale tu unapoona mistari mipana ya wima ikijirudia kwenye kioo. Na tumia waya mfupi na mnene, maana VGA inachuja kidogokidogo kadiri waya unavyorefuka. Dijitali, yaani DVI na DisplayPort, ikizidiwa utajua hapohapo: vidoti vya kumetameta, au kioo kinazima na kuwaka.

Kwa hiyo P2214H nunua, ila unapoijaribu dukani mwambie fundi aiwashe kwa DVI au DisplayPort, maana tundu la VGA kuwa zima hakukwambii kama hayo mawili nayo yanafanya kazi.