Mbeleko ya kitambaa cha kuvutika kwa mtoto mwenye chango: rivyu ya mama wa Dar

Naona wamama wengi wanaulizia hizi mbeleko ndefu za kitambaa kinachovutika, zile zinazouzwa Insta na Kariakoo kwenye maduka ya vitu vya watoto, na wauzaji wengine wanaandika kabisa "inaondoa chango, mtoto halii tena". Mimi ninayo, nimeitumia tangu mdogo ana wiki kadhaa tu mpaka chango lenyewe lilipoisha, kwa hiyo ngoja niseme inafanya nini na haifanyi nini maana elfu thelathini na tano sio hela ya kuokota barabarani.

Kwanza haiondoi chango. Wala usitafute kitu kinachoondoa chango jamani, linakuja lenyewe na linaondoka lenyewe. Huwa linaanza wiki ya pili au ya tatu, wiki ya sita ndo moto wenyewe, halafu linashuka na mtoto akifika miezi mitatu au minne wengi wanakuwa wameshatulia. Kuna daktari wa Marekani anaitwa Morris Wessel, yeye na wenzake mwaka 1954 ndo walileta ile hesabu ya tatu tatu ya kutambua chango, inayotumika mpaka leo, yaani mtoto ambaye ni mzima kabisa, ananyonya vizuri, lakini analia zaidi ya masaa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Sasa fikiria, umeteseka mpaka wiki ya nane ukachoka ukanunua kitu, wiki ya kumi na moja mtoto kimya, si lazima utaandika nyota tano? Ndo maana kila chupa na kila dawa ya chango ina ushuhuda kibao. Mimi hii mbeleko sijaipima kwa mwezi, nimeipima kwa jioni moja moja: nikimfunga saa moja ile kilio kimepamba moto, nusu saa baadaye hali ikoje?

Jibu ni kwamba mara nyingi alinyamaza, sio kila mara.

Wangu alikuwa anaanza jua likizama tu. Anakunja magoti mpaka yanagusa tumbo, ngumi kazikaza, uso umeiva, tumbo ukiligusa gumu, na ukimpa ziwa anavuta mara mbili analiachia anapiga ukelele. Hapo ndo nilikuwa namuingiza kwenye mbeleko kifua kwa kifua akiwa na nepi na singlendi tu, naanza kutembea kutoka sebuleni mpaka mlango wa jikoni na kurudi. Unamsikia kabisa anavyolegea, kwanza ngumi inafunguka, halafu kile kilio kinakatika katika, halafu anavuta pumzi moja ndefu yenye kwikwi ndani yake, basi. Ila nikisimama kujibu meseji tu, macho hayo! Lazima utembee. Na hii sio deko ya mtoto, watafiti wa taasisi ya RIKEN kule Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba mtoto mchanga akibebwa na mtu anayetembea, mapigo ya moyo yake yanashuka haraka na analia kidogo kuliko akipakatwa na mtu aliyekaa. Mwaka 2022 wakaja na ushauri mzuri sana wa kumlaza: tembea naye dakika 5 mfululizo, akishalala usimtue papo hapo, kaa naye chini dakika 5 mpaka 8 ndo umlaze. Hiyo ya kukaa kwanza ndo imeniokoa mimi kuliko mbeleko yenyewe, sasa ukiwa kwenye mbeleko kukaa ni rahisi maana mikono haijafa ganzi.

Nisiwadanganye pia. Wauzaji wanapenda kusema "utafiti umethibitisha kubeba kunapunguza kilio", na kweli upo, wa Hunziker na Barr kule Montreal mwaka 1986, watoto waliobebwa zaidi walilia pungufu kwa 43% walipofika wiki ya sita. Wasichokwambia ni kwamba wale walikuwa watoto wa kawaida. Barr huyo huyo na wenzake walipojaribu kwa watoto wenye chango mwaka 1991 hawakuona tofauti ya maana. Kwa hiyo usinunue ukitegemea jumla ya kilio ishuke, nunua kwa sababu atalia akiwa kifuani kwako na wewe una mikono miwili ya kufungulia geti na kunywa uji. Mimi kwangu hilo tu linatosha kulipia hela yangu.

Haya, kitambaa chenyewe. Ni kama mita tano, pamba imechanganywa na spandeksi kidogo, zile nyuzi zinazovutika, upana wa zaidi ya nusu mita. Kufunga mwanzoni ni shughuli, kipande kimoja kinaburuza sakafuni, unavusha mgongoni mkasi, unarudisha mbele, mtoto huku analia unatoka jasho. Yangu haikuja na karatasi ya maelekezo, muuzaji nikamuuliza akanitumia emoji za kucheka. Na rangi niliagiza kijivu ikaja ya damu ya mzee, nikaambiwa "ziliisha dada". Nimejifunzia YouTube, jifunze mtoto akiwa amelala, fanya mazoezi hata na mto. Ukishazoea hata dakika haiishi, na uzuri wake unaweza kubaki umeifunga mwilini asubuhi mpaka jioni unamtoa na kumrudisha bila kufungua.

Ubaya mkubwa ni joto. Aliyebuni hii kitu hajawahi kukaa Dar mwezi wa pili umeme umekatika. Zinapita tabaka tatu juu ya mtoto, na wewe mwenyewe ni hita, kifua chote kinalowa na nywele za mtoto zinagandana na jasho. Mchana sikuitumia kabisa, ni ya jioni na alfajiri au feni ikiwa juu yenu. Walioko Arusha, Njombe, Lushoto huko hamtanielewa, nyie nunueni tu.

Mama mkwe alipoiona alicheka, akasema "mwanangu huo mzigo wote wa nini, nipe kanga hapo." Na ana hoja, kanga ni nyepesi, inapitisha hewa, inakauka upesi, na kila nyumba ipo. Ila alitaka kumfunga mgongoni na mimi nikamwomba, "mama tusubiri shingo ikaze kwanza", kwa sababu kichanga mgongoni humuoni kidevu kimekaaje, na yeye hana nguvu ya kunyanyua kichwa hewa ikibana. Alikubali, akamfunga mbele kwa kanga huku mkono mmoja kashika shingo. Mtoto alinyamaza vile vile! Kwa hiyo ukiwa na bibi mwenye mkono ndani ya nyumba, hela yako kaa nayo. Shingo ilipokaza tulihamia kanga mgongoni na mbeleko ikapumzika.

Lakini kuna mtu kanga hafungi na mbeleko anafunga, baba mtoto. Sijui wanaume wana nini na kanga. Kile kitambaa kikavaliwa juu ya tisheti akaanza kuzunguka uani na mtoto kama ndo kazi aliyoajiriwa, mimi nikapata kuoga maji ya moto kwa raha zangu.

Usalama msiurukie. Uso wa mtoto uuone muda wote bila kufunua kitambaa, awe juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unambusu utosini, kidevu kisigandane na kifua chake, mgongo ushikwe, miguu ikae kama ya chura magoti yakiwa juu kuliko makalio ili nyonga zisiumie. Usipike ukiwa naye mbele, mafuta yanaruka. Usipande naye bodaboda ukidhani amefungwa. Na mtoto mdogo sana au njiti uliza kliniki kwanza, maana nyingi zinaanzia kilo 3.5 hivi.

Najua mtauliza na vitu vingine kwa hiyo nagusia. Gripe water kila mtu kaniambia, ni dawa ya zamani mno, ilianzia Nottingham Uingereza mwaka 1851 kwa mfamasia William Woodward, na ile ya mwanzo ilikuwa na pombe na sukari ndani, ukijua hivyo unaelewa kwa nini watoto walitulia! Za siku hizi nyingi hazina pombe, ila mtoto wa chini ya miezi 6 WHO wanasema maziwa ya mama tu, hata maji hapana, nesi wetu alilisema hilo kwa ukali, kwa hiyo sikumpa. Mvuje walinifungia kwenye kitambaa chumba kizima kikanuka, nikavumilia kwa sababu haumezwi. Asali usithubutu kabla ya mwaka mmoja, inaweza kuleta botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli ya mtoto. Mitishamba ya kunywesha nayo hujui kipimo wala ndani kuna nini, achana nayo. Matone ya bakteria wazuri wale Lactobacillus reuteri yana utafiti unaoeleweka kwa watoto wanaonyonya, bei tu ndo imesimama, zungumza na daktari. Vya bure: mcheulishe katikati ya kunyonya na mwisho, mpapase tumbo na mafuta ya nazi kufuata mshale wa saa, mpigishe baiskeli miguu yake taratibu. Wangu kwenye baiskeli alikuwa anajamba kama mtu mzima na kulala.

Na ukiona homa ya 38 kwenda juu, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, amekataa ziwa, amelegea au kilio kimebadilika ghafla, hilo usiliite chango, nenda hospitali usiku huo huo. Na wewe ukihisi kichwa kinataka kupasuka, mlaze chali sehemu salama, toka nje kidogo, usimtikise kamwe.

Mimi naipa nyota nne kasoro, hiyo kasoro ni ya joto na yule muuzaji. Ila kama elfu thelathini na tano ni nyingi kuna njia nyingine, nenda maduka ya vitambaa nunua kitambaa cha tisheti mita tano, kile kinachovutika kwa upana. Kina upana mkubwa kwa hiyo kikikatwa kwa urefu zinatoka mbeleko mbili, changa na shoga yako mwenye mimba. Mwambie tu fundi akate kwa urefu wote na asiunge popote katikati, mshono ukiachia mtoto yuko chini.