Diski ya zambarau ndani ya DVR ya depo yangu, miezi mitano baadaye

Nina depo ya vinywaji katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Bia, soda, maji ya chupa. Nina kamera nne: moja mlangoni, moja juu ya meza ya pesa, mbili nyuma kwenye kreti. Zote zinaingia kwenye DVR moja ndogo, yaani kisanduku kinachorekodi picha za kamera, iliyofungwa mwaka 2021 ikiwa na diski ya GB 500 ya kuhifadhia picha hizo. Aliyeifunga aliniambia, "Mama, hii inaweka kila kitu." Aliyosema ni kweli, ila hakusema inaweka kwa siku ngapi.

Jumamosi ndiyo siku yetu ya kuhesabu. Jumamosi moja ya mwezi wa sita tukakuta kreti tano za soda hazipo. Nikakaa mbele ya televisheni na kirimoti, nikarudi nyuma: Ijumaa ipo, Alhamisi ipo, Jumatano usiku ipo kidogo, halafu giza. Hesabu ya mwisho ilikuwa Jumamosi iliyotangulia. Hizo siku nne ambazo sikuziona ndizo zilizoniuma. Kijana wangu wa kubeba mizigo akaapa kwa marehemu baba yake. Mimi nikamkata nusu ya hasara kwenye mshahara, kwa sababu mtu mwingine wa kumkata sikumwona.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya umeme, ndiye aliyenifanyia hesabu nyuma ya karatasi ya risiti. Kila kamera ilikuwa inatuma megabiti 4 kwa sekunde. Kwa siku nzima hiyo ni kama GB 43. Mara kamera nne, GB 173. Gawanya GB 500 kwa hiyo: siku tatu kasoro. Diski ikijaa, DVR inaandika juu ya picha za zamani bila kumuuliza mtu. Miaka yote hiyo nililala nikidhani nina mlinzi, kumbe mlinzi mwenyewe ana kumbukumbu ya siku tatu.

Diski ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya sokoni, na duka lile sitalitaja. TB 2, yaani GB 2,000, dola 45, ndani ya mfuko wa fedhafedha uliobanwa vizuri. Muuzaji: "Iko mupya, Mama. Ona hata plastiki yake." Nikaona plastiki. Tulipoifunga nyumbani DVR ikaipokea bila tatizo, na mimi nikaanza kufurahi. Mtoto akafungua ukurasa wa afya ya diski, ule unaoitwa S.M.A.R.T. DVR nyingi zinao kwenye menyu ya diski, na watu wengi hawaufungui hata siku moja. Mstari namba 9 unahesabu saa ambazo diski imewashwa tangu izaliwe. Ulikuwa na 24,311.

Mwaka mmoja una saa 8,760. Kwa hiyo diski yangu "mupya" ilikuwa imefanya kazi miaka miwili na miezi tisa mahali fulani, mchana na usiku, kabla ya kuvalishwa plastiki. Mstari namba 5, unaohesabu sehemu zilizokufa ambazo diski imezihamisha, ulisoma 112. Hapo panatakiwa sifuri.

Nikarudi naye sokoni.

"Iyo ni saa za kiwanda, Mama. Banaijaribu mbele ya kuuzisha."

"Waliijaribu miaka miwili na miezi tisa?"

Akacheka, na mimi nikacheka kidogo maana nilitaka pesa yangu. Alinirudishia dola 35. Kumi alizibakiza akasema ni za plastiki niliyopasua.

Ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza. Ni WD Purple, yaani "zambarau" ya kampuni ya Western Digital, ya TB 4, niliyoinunua katika duka dogo kule mjini kwa dola 110. Safari hii nilienda na mtoto, na nikasema kabla ya kutoa hata senti: ifungue, iwashe, nionyeshe mstari namba 9. Mwenye duka hakununa. Akaichomeka kwenye mashine yake, ikasoma 0. Akaandika namba ya diski kwenye risiti, akagonga muhuri. Kitu pekee alichokataa ni noti yangu ya mia, iliyokuwa na mchaniko pembeni usiozidi ukucha. Ikabidi nitoke kwenda kubadilisha kwa mama wa pesa barabarani, nikapoteza dola tatu. Lakini hiyo ni Kongo, si kosa la diski.

Kwa nini ya zambarau na si diski yoyote ya kompyuta? Nilikuwa nadhani ni rangi ya biashara tu. Diski ya kawaida ikikutana na sehemu mbovu inasimama na kujaribu tena na tena kuisoma, maana kazi yake ni kulinda barua yako au picha ya harusi yako. Kwenye DVR kusimama huko ni hasara: kamera nne zinaendelea kumwaga picha, na sekunde zinapotea. Diski za kamera, hii ya Western Digital na ile SkyHawk ya Seagate, zimepangwa ziendelee kuandika, liwalo na liwe. Picha moja ikiwa na doa, basi. Pia zimetengenezwa kuwaka saa 24. WD wanasema Purple inabeba kazi ya hadi TB 180 kwa mwaka. Mimi, hata kwa mpangilio wangu wa zamani, ningeandika kama TB 63. Dhamana ya kiwanda ni miaka mitatu. Ya duka ni mwezi mmoja, na mimi naihesabu hiyo ya mwezi tu.

Kuifunga ni kazi ya dakika ishirini. Kwanza tulinakili kwenye flashi vipande tulivyovitaka, maana diski ya DVR ukiichomeka kwenye kompyuta, kompyuta haielewi mpangilio wake na inakuomba uifute. Tukazima, tukachomoa umeme, tukafungua skurubu za kifuniko. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la kiangazi kama unga wa mahindi uliotiwa rangi. Diski imeshikwa na skurubu nne kutoka chini, waya mmoja wa data, mmoja wa umeme. Toa, weka, rudisha.

Tukawasha. Ka! DVR ikazima. Ikajiwasha. Ka! Ikazima tena. Moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwenye zile dola 110. Nikampigia simu fundi mmoja jirani, akaja na ndala zake, akainamisha sikio juu ya kisanduku bila kugusa kitu. "Mama, diski haina shida. Ina njaa." Diski inakula umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka, na adapta yangu ilikuwa ya volti 12, ampea 1.5, tena imezeeka. Alichomeka ya ampea 3 kutoka mfukoni mwake, na DVR ikanyamaza kimya, ikaanza kazi. Adapta ile aliniachia kwa dola 8. Kama mnabadilisha diski, soma karatasi ya adapta kabla ya kwenda dukani, na soma pia DVR yenu inakubali TB ngapi. Jirani yangu mwenye DVR ya zamani sana aliweka TB 4 ikaona 2 tu.

DVR iliomba kuiandaa diski, tukakubali, haikuchukua hata dakika mbili. Menyu ikaandika GB 3,726, si 4,000. Hamjaibiwa: kiwanda kinahesabu kwa elfu, DVR inahesabu kwa 1,024.

Kisha saa. Tulipozima, DVR ikarudi kwenye saa ya China. Hapa ndipo mama yangu mzazi alipotushangaza. Sisi tunalalamika kwamba kioo kinasema saa 2 na nje ni saa nane ya asubuhi ya Kifaransa. Yeye kwenye kiti chake anasema, "Lakini iko sawa. Ni saa mbili." China imetutangulia saa sita, na saa za Kiswahili nazo zimepishana na za Wazungu kwa sita. Kwa mama yangu, mashine ilikuwa imejifunza Kiswahili yenyewe. Tuliweka saa ya Lubumbashi, naye mpaka leo anasema tuliiharibu.

Mwisho mtoto alibadilisha kamera kutoka H.264 kwenda H.265, namna mpya zaidi ya kubana picha, na kuzishusha hadi megabiti 2. Sura ya mtu mlangoni bado naiona, namba ya gari ng'ambo ya barabara siioni tena. Nimekubali, kwa sababu sasa napata siku 46. Mtu akitaka kukuuzia TB 8 kwa kamera nne, mwambie akaiweke kwake.

Nimeongeza pia onduleri ndogo, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, maana umeme unaondoka bila kuaga na diski haipendi kukatwa ikiwa inaandika. Na DVR nimeitoa kwenye kabati lililokuwa juu ya friza. Mwezi wa kumi, joto kali, diski ilisoma nyuzi 51. Nje ya kabati inasoma 42. Mstari namba 5 bado ni sifuri. Kuhusu diski yenyewe sina la kulalamikia zaidi ya bei.

Wiki tatu zilizopita hesabu ilipungua tena. Kreti nne za soda. Safari hii nilirudi nyuma siku moja moja, bila giza, hadi siku yenyewe. Saa moja na nusu ya jioni, kijana ameshaenda nyumbani. Mlangoni amesimama jirani yetu aliyekuwa na kilio, na mwanamke mwenye kitambaa cha kijani anamsaidia kupakia kreti nne kwenye toroli, anamfariji, anamwambia atalipa baada ya mazishi. Kisha anazima taa na kufunga mlango bila kugusa daftari. Kitambaa kile ni changu.

Zile tano za mwezi wa sita hakuna diski itakayozirudisha. Jumatatu nilimpa kijana pesa niliyomkata. Aliihesabu, akaiweka mfukoni, akaenda kushusha gari la maji.