Upimaji wa watoto wasioshika kusoma, Moshi: kipimo safi, hesabu ya kizamani

Huduma hii inatumia kipimo cha akili cha Wechsler, toleo la tano la Marekani, la miaka 6 hadi 16. Upimaji wenyewe hauna lawama: chumba kimya, saa ya sekunde, vitofali vyote tisa vyekundu na vyeupe vya kupangia maumbo vipo, na mtoto anapimwa asubuhi kabla hajachoka. Muda ni kama saa moja na nusu.

Shida ni ripoti. Wanamhesabu mtoto ana tatizo la kujifunza pale tu alama ya akili inapoizidi ya kusoma kwa 23. Tangu sheria ya 2004 ya elimu ya watoto wenye ulemavu, shule za Marekani kwenyewe hazilazimiki kutumia hesabu hiyo. Mwenye akili 110 na kusoma 80 anapata msaada. Mwenye 88 na 75 anaachwa, ingawa b na d zinawapiga chenga wote wawili na dawa ni ile ile: kufundishwa sauti za herufi, hatua kwa hatua.

Halafu maswali ya msamiati yanatafsiriwa papo kwa papo. Neno jepesi kwa Kiingereza laweza kuwa gumu kwa Kiswahili, kwa hiyo ule wastani wa 100, uliopatikana kwa watoto wa Marekani, haushiki tena. Mtoto wa Kibosho anayeongea Kichagga nyumbani ndiye anayeumia zaidi.

Ukienda, beba madaftari ya miaka miwili. Macho na masikio yapimwe kwanza, hapa hawaulizi. Dai alama za kila sehemu, si jumla peke yake, na mtoto asome silabi kwa sauti, dakika moja, makosa yakiandikwa.