Uzoefu wangu na marudio ya video ya NFL: picha zipo, ruhusa haipo

Kila msimu nalipia kifurushi cha mechi za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, na nikijaliwa hukata tiketi nikaingia uwanjani Minneapolis kuwaona Vikings, timu niliyoipenda tangu nihamie Minnesota kutoka Kenya. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayetoa pesa zake. Sitagusa bei wala wingi wa matangazo ya biashara, maana hayo kila mtu anayasema. Nataka kuzungumzia uamuzi, hasa yale marudio ya video ambayo ligi hutuambia yapo ili haki itendeke. Nayapa nyota mbili kati ya tano.

Kwa ambaye mchezo huu bado ni mgeni kwake: uwanjani kuna waamuzi saba wenye mashati ya mistari myeupe na myeusi, na refa mkuu ndiye mwenye kofia nyeupe. Mwamuzi akiona kosa hurusha kitambaa cha njano. Kocha asiporidhika hurusha chekundu, na hiyo ndiyo rufaa. Anazo mbili kwa mechi, akishinda moja anaongezewa ya tatu, na kila anaposhindwa anapoteza taimauti, yaani nafasi ya kusimamisha saa. Tachidauni zote, yaani mpira unapofikishwa eneo la bao, na mipira yote inayopokonywa, hukaguliwa bila kocha kuomba. Zikibaki dakika 2 kabla ya mapumziko au kabla ya mwisho wa mechi, kocha hana tena ruhusa ya kukata rufaa; chumba cha video ndicho kinachoamua nini kikaguliwe. Tangu 2017 neno la mwisho linatoka New York, ambako maafisa wa ligi wanatazama mechi zote kwa wakati mmoja. Refa anavaa visikizi, anatazama kishikwambi, anaambiwa uamuzi, kisha anautangaza.

Ukiusoma mpango huo utadhani hakuna kosa kubwa linaloweza kupita. Yanapita, na sisi tuliokaa sebuleni tunayaona yakipita.

Chukua Alhamisi ya tarehe 24 Oktoba 2024, Vikings walipokuwa wageni wa Rams kule California. Tuko nyuma 28 kwa 20, zimebaki chini ya dakika mbili, na mpira uko karibu kabisa na eneo letu la bao. Yaani kuna yadi nyingi za kwenda, lakini muda upo, na tachidauni moja pamoja na nyongeza ya pointi mbili ingesawazisha. Kotabeki wetu, yaani mpiga pasi, Sam Darnold anarudi nyuma kupiga pasi. Byron Young wa Rams anamfikia, mkono unakamata chuma cha mbele cha helmeti, na kichwa cha Darnold kinageuzwa pamoja na helmeti mpaka mwili unafuata. Anaangushwa ndani ya eneo letu. Rams wanapata pointi 2 na mpira juu yake, na mechi inaisha 30 kwa 20. Hakuna kitambaa kilichorushwa. Kosa lile adhabu yake ni yadi 15 na jaribio la kwanza jipya (timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10), maana linaweza kumvunja mtu shingo.

Nilikuwa naitazama mechi ile huku nikichati kwa sauti na mpwa wangu aliye Nairobi. Kwake kulikuwa kumeshakucha na anajiandaa kwenda kazini. Runinga ikarudia tukio kwa mwendo wa taratibu, kutoka upande huu na upande ule. Sauti yake ikaingia: “Mjomba, si wamemshika chuma cha helmeti? Mbona hawakagui?” Nikamjibu kwamba kosa lile halikaguliwi. “Halikaguliwi vipi, na mimi niko Nairobi naliona?”

Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina. Baada ya mechi refa alieleza kwamba alikuwa upande ambao hakuweza kuona vizuri, na mwenzake alikingwa na wachezaji. Ninamwamini. Watu wakubwa 22 wanakimbia na kugongana, na jicho la binadamu lina mipaka. Ndiyo maana simlaumu refa. Ninachokilaumu ni kanuni iliyomwacha mtu huyo peke yake na jicho lake, wakati New York kuna chumba kizima cha watu wenye picha ileile tuliyokuwa nayo mimi na mpwa wangu.

Mwaka 2025 ligi iliipanua ile huduma wanayoiita msaada wa marudio. Sasa walio kwenye video wanaweza kumwambia refa afute kitambaa cha kosa la kushika chuma cha helmeti, kama picha zinaonyesha wazi kwamba halikutokea. Ni hatua nzuri. Lakini lazima kitambaa kiwe kimerushwa kwanza. Kosa lisiloonwa na mtu uwanjani, kama lile la Darnold, lingepita hata chini ya kanuni mpya. Mfumo unaweza kumwokoa mkosaji aliyesingiziwa, lakini aliyekosewa bila refa kuona hana pa kwenda. Hapo ndipo nyota ya kwanza ilipoondoka.

Wazee wa Minnesota watakwambia uchungu huu hawakuanza nao jana. Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya babu, bado anaisimulia Desemba 28, 1975 kana kwamba ilikuwa wiki iliyopita: Roger Staubach wa Dallas akirusha mpira mrefu wa kubahatisha, Drew Pearson akiudaka, na Nate Wright wa Vikings akiwa chini. Vikings wakatolewa 17 kwa 14. Watu wa huku wanashikilia mpaka leo kwamba Wright alisukumwa. Shabiki mmoja mwenye hasira alirusha chupa ikampasua mwamuzi kichwa, jambo la aibu lisilotetewa na mtu yeyote mwenye akili timamu. Enzi hizo hakukuwa na marudio rasmi. Yaliingia kwenye ligi 1986, yakaondolewa baada ya msimu wa 1991, yakarudi 1999. Mzee wangu anasema: “Sisi tulidhani kamera zikija tutapumua.”

Kisa kinachonionyesha vizuri kuliko vyote kwa nini hatujapumua ni cha New Orleans. Tarehe 20 Januari 2019, fainali ya kanda, mshindi anakwenda Super Bowl, fainali kuu ya ligi. Saints wa New Orleans na Rams wako 20 kwa 20, zimebaki dakika mbili kasoro kidogo. Pasi inakwenda kwa Tommylee Lewis wa Saints. Nickell Robey-Coleman wa Rams anamgonga kabla mpira haujafika, hata kuutazama hakuutazama. Kitambaa hakikurushwa. Saints wakaambulia pointi 3 tu, Rams wakasawazisha, na kwenye muda wa nyongeza wakashinda 26 kwa 23 kwa mkwaju wa yadi 57. Kocha wa Saints, Sean Payton, alisema baadaye kwamba ofisi ya ligi ilimkubalia kwenye simu kuwa waamuzi walikosea. Robey-Coleman mwenyewe alikiri kwamba alifika mapema, na ligi ikamtoza faini ya dola 26,739 kwa jinsi alivyogonga. Yaani kosa lilistahili faini siku chache baadaye, ila halikustahili kitambaa wakati Saints walipokihitaji.

Mimi ni mtu wa Vikings, na Saints tuna kinyongo nao tangu fainali ya kanda ya 2010. Hata hivyo sikuweza kufurahia. Watu wa New Orleans waliingia mitaani siku ya Super Bowl wakafanya sherehe zao badala ya kutazama mechi, na mahakamani baadhi yao walikwenda. Niliwaelewa.

Ligi ikasikia. Msimu wa 2019 makosa ya kumzuia mpokeaji wa pasi yakaruhusiwa kukaguliwa, hata yale yasiyorushiwa kitambaa. Wenye timu walipiga kura 31 kwa 1. Nilipoisoma habari ile nilifurahi kwa dhati, nikaamini kwamba sasa wamelishika tatizo kwenye mzizi. Kilichofuata ni msimu mzima wa makocha kukata rufaa na New York kukataa kubadilisha, hata pale picha zilipoonyesha mkono ukimvuta mpokeaji. Wiki hii kipimo kilikuwa hiki, wiki ijayo kingine. Halafu, tarehe 5 Januari 2020, mechi ya mtoano, Saints hao hao uwanjani kwao dhidi ya Vikings wangu. Muda wa nyongeza, Kirk Cousins wetu anampigia Kyle Rudolph pembeni mwa eneo la bao. Rudolph anamgusa beki kwa mkono ulionyooka, anadaka, tachidauni, 26 kwa 20. New York walitazama wakasema mguso ulikuwa wa pande zote mbili na hautoshi kubadilisha uamuzi.

Nyumbani kwangu siku ile watu waliruka. Nami niliruka. Lakini kama wewe ni wa New Orleans, kanuni iliyozaliwa kwa machozi yako imekutoa nje tena, na maelezo uliyopewa ni mafupi. Baada ya msimu ule kanuni ikaachwa. Hawakuitengeneza, waliitupa. Nyota ya pili ikaenda na hiyo, kwa sababu wazo halikuwa baya. Lilikosa kipimo kimoja kinachofuatwa na kila mtu, na lilikosa watu walio tayari kusema waziwazi kwamba mwenzao uwanjani alikosea.

Nisije nikaonekana sioni mazuri. Ukaguzi wa siku hizi ni wa haraka kuliko ule wa zamani, refa alipokuwa akiingiza kichwa kwenye kibanda cheusi na uwanja mzima ukasubiri. Mambo mengi madogo, mguu umekanyaga mstari au haujakanyaga, mpira umegusa nyasi au haujagusa, yanasahihishwa kwa sekunde chache kupitia visikizi bila mechi kusimama. Uamuzi wa nani amedaka na nani hajadaka umenyooka pia. Anayemkumbuka Dez Bryant wa Dallas, Januari 2015 kule Green Bay, jinsi alivyoruka, akadaka, akapiga hatua, kisha akanyang’anywa kwa video kwa sababu mpira ulitikisika alipofika chini, atafurahi kujua kwamba kanuni ile ilirekebishwa 2018. Miaka mitatu ni mingi, lakini waliirekebisha.

Na tangu msimu wa 2025 umbali wa jaribio la kwanza unapimwa kwa kamera badala ya kuletwa ule mnyororo wa kupimia. Inapendeza kutazama. Ila kamera inapima kuanzia pale mwamuzi alipouweka mpira, na kuuweka bado ni kazi ya mkono na jicho. Waulize Buffalo. Fainali ya kanda ya Januari 26, 2025, kotabeki wao Josh Allen alijisukuma kwenye jaribio la nne akitafuta chini ya yadi moja, amezama kwenye lundo la miili, na waamuzi wa pembeni hawakuja na alama inayolingana. Ikachukuliwa ile fupi. Video ikatazamwa, hakuna pembe iliyouonyesha mpira vizuri, uamuzi ukabaki, na Kansas City wakashinda 32 kwa 29. Hapo sisemi Buffalo waliporwa, kwa kuwa hata mimi sikuuona mpira. Ninachosema ni kwamba ligi yenye utajiri huu ingeweza kuujua mpira ulipo bila kutegemea pembe ya kamera.

Kinachoniumiza zaidi ni ukimya, na hapo nyota nyingine imeondoka. Sisi tuliokulia Kenya na raga tumezoea kumsikia refa akizungumza na mwenzake wa video, anauliza, anajibiwa, anasema anachokiona, na wewe nyumbani unasikia kila neno. Unaweza kubisha, lakini unajua sababu. Hapa hapa Marekani, ligi ndogo ya UFL inaonyesha kwenye runinga mazungumzo ya chumba cha marudio yakiendelea. NFL inatupa sentensi moja ya refa kwenye kipaza sauti. Mazungumzo yenyewe hatuyasikii. Kisha wachambuzi wa runinga ndio wanaobaki kukisia, na mashabiki wanaanza kuamini kwamba kuna timu inayopendelewa. Sina ushahidi wowote wa upendeleo na sitausema. Ila uvumi huo wamejiletea wenyewe kwa kufunga mlango.

Mwenzangu anayefikiria kulipia kwa mara ya kwanza, lipia. Mchezo ni mtamu, na mechi nyingi huisha bila mtu kumkumbuka refa. Anza na mechi za Jumapili za mchana, ambazo Afrika Mashariki zinaanguka saa mbili au saa tatu usiku, uone kama zitakunasa. Lakini jua kwamba zipo jioni utakazoona kosa kwa macho yako, utaoneshwa tena na tena, halafu utaambiwa halikaguliwi.

Nyota ya tatu nitaipa siku ligi itakapomruhusu mtu mmoja aliye kwenye video kurusha kitambaa kwa kosa la hatari lililo wazi, hasa linalogusa kichwa na shingo, na siku tutakaposikia anachosema na refa. Kwa msimu ujao kifurushi nimeshakilipia, na mpwa wangu ameniomba nimtumie ratiba ya Vikings ikitoka.